KAA WA MTONI HALETI UPOFU



Katika vijito vya Arua na Koboko vinavyopita kivulini, ukigeuza jiwe waweza kumkuta kaa. Wako wanaosema kaa huyo ndiye analeta upofu, basi auawe. Sivyo.

Kaa wa mtoni hahitaji bahari. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, na yakianguliwa hutoka kaa wadogo kamili. Mchana hujificha chini ya mawe au katika mashimo ya ukingoni. Usiku hutoka kula majani yaliyooza, konokono, wadudu wa majini na mizoga ya samaki. Anayependa kumla ampike mpaka aive kabisa. Katika nchi kama Kameruni, kaa wabichi huwapa watu mnyoo wa mapafu, na kikohozi chake cha damu hudhaniwa kuwa kifua kikuu.

Upofu wa mtoni ni jambo lingine. Huletwa na mnyoo anayebebwa na inzi mdogo mweusi, yule anayeuma mchana karibu na mto. Huko Kenya wataalamu walitafuta sana mabuu ya inzi wa aina moja, kwenye mawe na majani, wasiyaone. Mwaka 1950 ilitangazwa kwamba yamekutwa yamejishikiza kwenye mwili wa kaa! Inzi wa aina hiyo amepatikana West Nile pia. Lakini kaa huyapa mabuu mahali pa kushika tu, yasichukuliwe na maji. Mnyoo hatoki kwa kaa. Inzi humpata kwa kumuuma mgonjwa, kisha humpelekea mtu mwingine.

Kwa hiyo msimwage sumu mtoni ili kuua kaa. Maji hayo hayo yanachotwa na watoto wenu.

Kinga ni dawa ya ivermectin, inayotolewa bila malipo. Huua watoto wa mnyoo, wala si mnyoo mkubwa, ambaye huishi zaidi ya miaka kumi. Ndiyo sababu mtu humeza tena kila ugawaji unapotangazwa. Wajawazito hawapewi, wangoje wajifungue.

Mwaka 2007 Uganda iliamua kuumaliza ugonjwa huu, na katika sehemu nyingi maambukizi yamekoma. Aliyetoka mahali ulipo bado, kama Ituri, akiona ngozi inawasha bila kukoma, au vinundu chini ya ngozi, aende kituo cha afya mapema, kabla macho hayajaguswa.