Kanzu na Baibui Mezani pa Nahodha

Katika ziwa letu la Tanganyika, abiria hakupata kuulizwa amevaa nini. Meli ya MV Liemba, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitia nanga mbele ya Ikola na Karema katika mkoa huu wa Katavi, ilipokelewa na maboti na mitumbwi, mara nyingi katika giza la usiku. Mtu alikwea ubavuni mwa meli na kitenge chake, gunia lake la mchele au la dagaa, na pengine kuku kwapani. Mwenye tiketi ya daraja la kwanza alipata chumba sitaha ya juu, na wa daraja la tatu alijibanza palipobaki. Tofauti ilikuwa ya kitanda, haikuwa ya nguo.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Karakana ile ile imo kazini hata leo, na sifa yake sasa ni meli kubwa za starehe, zile zinazofanana na mtaa mzima wa maghorofa uliong'olewa na kuwekwa baharini. Humo ndimo suala la mavazi linapoanza kuwa zito.

Linatufikiaje Mpanda? Mama mmoja, msomaji wetu wa mjini hapa, ametuletea swali kwa niaba yake na ya mumewe. Binti yao ameolewa Maskati. Mkwe wao, kwa wema wake, amewakatia wazee nafasi katika safari ya siku kadhaa ya meli ya kitalii inayopita Ghuba. Katika karatasi za safari mna ukurasa unaosema kwamba ifikapo saa kumi na mbili jioni abiria wote wavae kirasmi, na kwamba zipo usiku mbili za karamu ambazo wanaume hutarajiwa kuvaa koti jeusi na tai ya kipepeo, na wanawake magauni marefu ya jioni. Mzee ameanza kuulizia bei ya suti. Mama anasema mpunga uliowekwa akiba ndio utakaouzwa. Naye mwenyewe anaogopa jambo lililo kubwa kuliko fedha: asije akafika mlangoni pa ukumbi amejistiri kama alivyozoea maisha yake yote, kisha akaambiwa mbele ya mkwe arudi chumbani.

Jibu fupi ni kwamba mpunga usiuzwe. Lakini jibu fupi halitoshi, maana hofu hiyo ina asili yake.

Koti hilo jeusi, ambalo Wamarekani huliita tuksido, si vazi la kale sana. Kumbukumbu za duka la Henry Poole, mafundi wa mtaa wa Savile Row jijini London, zinaonesha kuwa mwaka 1865 lilimshonea mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, koti fupi la kulia chakula asipotaka kuvaa lile refu lenye mikia. Jina la tuksido lilitokana na Tuxedo Park, mahali pa matajiri karibu na New York. Kwa hiyo vazi linaloonekana leo kuwa kilele cha urasmi lilianza kama nguo ya kupumzikia. Hata ule mshipi mpana wa kiunoni unaoambatana nalo, maofisa wa Kiingereza waliuchukua kutoka Bara Hindi, na jina lake ni la Kiajemi: kamarband, kifungio cha kiuno. Waislamu wa huko walikuwa wakijifunga mshipi wa namna hiyo muda mrefu kabla haujafika London.

Meli za abiria zilipokuwa majumba ya fahari, desturi hii ilipata nguvu ya sheria. Wafaransa walijenga ngazi pana za kushukia ukumbini makusudi, ili mavazi ya wanawake yaonekane na wote waliokwisha kuketi. Usiku wa kwanza ulisamehewa, kwa sababu masanduku yalikuwa hayajafunguliwa, na wa mwisho pia, kwa kuwa yalikwisha kufungwa. Usiku wa katikati vazi lilikuwa ndilo tiketi. Pwani yetu nayo iliyaona hayo kwa mbali. Meli za kampuni ya British India, kama vile Kampala na Karanja zilizoanza kazi baada ya Vita Kuu ya Pili, zilichukua watu kati ya Bombay na mwambao wa Afrika Mashariki, wachache katika vyumba na kumbi, wengi sitahani na mikeka yao. Vazi la usiku lilikuwa la wale wa kumbini. Hakukuwa na haja ya kumkataza msafiri wa sitahani asiingie, kwani nguo zake zilikwisha kumkataza.

Basi mama yetu haogopi kivuli. Lakini zama zimegeuka. Kampuni ya Norwegian, ambayo meli yake Norwegian Dawn ilifika Dar es Salaam mapema mwaka 2024, iliyalegeza masharti hayo tangu mwaka 2000, na mtu hula saa aitakayo bila kulazimishwa tai. Waliobaki na desturi ya zamani ni wachache, na mashuhuri kati yao ni Cunard ya Waingereza, wenye meli ya Queen Mary 2 iliyoanza safari mwaka 2004. Hata hao, katika maelezo ya usiku wa karamu, baada ya kutaja koti jeusi na suti nyeusi, huongeza kuwa vazi rasmi la taifa la mtu linakubalika. Asiyetaka kujipamba kabisa hutengewa kumbi nyingine, kama ule wa kujipakulia, na hakuna amwulizaye.

Maneno hayo, vazi rasmi la taifa, ndiyo yanayotuhusu. Tanzania imezungumzia vazi la taifa kwa miaka mingi, na kamati zimekaa na kuinuka. Lakini mlangoni pa ukumbi wa meli hakuna atakayedai tangazo la serikali. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti juu yake, kofia ya kushonwa kwa mkono na viatu vilivyong'arishwa ni vazi la harusi, la Idi na la baraza kuanzia Lamu hadi Ujiji, na lilifika kwenye ziwa hili kwa miguu ya misafara kabla ya reli. Sayyid Barghash alipokwenda London mwaka 1875 na kupokewa na Malkia Victoria, alikwenda na joho na kilemba chake, na picha alizopigwa huko zipo hadi leo. Hakuazima koti la mtu.

Kwa mzee wetu liko na jambo la kisheria, ambalo wauza suti hawatamweleza. Mtume (S.A.W.) aliwakataza wanaume wa umma wake kuvaa hariri na dhahabu, akaruhusu katika hariri ukingo mdogo tu, usiozidi upana wa vidole vinne, kama alivyopokea Imam Muslim kutoka kwa Sayyidna Umar. Sasa tazama tuksido ya asili: kola yake imefunikwa hariri, tai ya kipepeo ni ya hariri, na vifungo vya mikono vya watu wakubwa ni vya dhahabu. Ni kweli kwamba makoti mengi ya siku hizi hung'aa kwa nyuzi za viwandani wala si kwa hariri ya nondo, na hayo hukumu yake ni nyingine. Lakini mtu asome kitambulisho kilichoshonwa ndani ya koti kabla hajalipa. Mwenye kanzu ya pamba amesalimika na uchunguzi wote huo.

Kwa mama, mambo ni mepesi kuliko anavyodhani. Magauni ya jioni ya Kizungu yaliyozoeleka huacha mabega na mgongo wazi, lakini hiyo ni mitindo ya mafundi. Karatasi ya meli haimtaki mtu aoneshe bega. Inataka gauni refu au vazi rasmi, na marufuku ya kofia hulenga kapelo za michezoni. Baibui jeusi lililodariziwa, au gauni pana la mikono mirefu na mtandio wa rangi iliyotulia, linatimiza kila neno lililoandikwa. Rais Samia Suluhu Hassan ameketi katika dhifa za wakuu wa nchi akiwa na mtandio wake, na hatujasikia itifaki ya nchi yoyote iliyovunjika. Binafsi naona kwamba katika ukumbi wenye magauni mia, baibui lililoshonwa vizuri ndilo litakaloonekana rasmi kuliko yote, ingawa mtu hapaswi kulivaa kwa ajili ya kutazamwa.

Ni haki pia kuitazama upande wa pili. Sisi huwataka wageni washukao kutoka meli hizo hizo wafunike mabega na magoti wanapopita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, na tunakasirika wasipofanya hivyo. Mwenye nyumba ana haki ya kuweka adabu ya nyumba yake. Kinachotakiwa ni kuisoma adabu hiyo kwa makini, maana mara nyingi ina nafasi kubwa kuliko tunayoidhania.

Lililo gumu zaidi ya nguo ni meza yenyewe. Tumekatazwa kukaa kwenye meza ambayo pombe inapitishwa, na katika kumbi hizi meza nyingi ni za kuchanganyika na wageni. Mkwe aandike mapema kuomba meza ya familia peke yao, aulize kuhusu chakula cha halali, na achague zamu isiyowabana na Magharibi. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala, na wazee waitumie. Nao wenye uwezo wa kuchagua meli wajue kwamba tangu mwisho wa mwaka 2024 ipo Aroya, ya kampuni ya Kisaudi, iliyoanzia safari zake Jidda bila pombe ndani yake, ikiwa na mahali pa kuswalia na sehemu za wanawake pekee. Nayo ilitoka karakana ile ile ya Papenburg mwaka 2017, wakati huo ikiitwa World Dream: mita 335, ilhali dada yake mkubwa wa Karema ana 71.

Vijana wetu wanaofanya kazi katika kambi za watalii ndani ya Hifadhi ya Katavi wataicheka habari nzima hii. Huko matajiri huteremka kwa ndege ndogo na kula chakula cha jioni kando ya moto wakiwa na masweta, na sharti la mavazi linalosisitizwa ni la mchana, tena limewekwa na mbung'o. Wadudu hao huvutwa na rangi nyeusi na buluu, na ndizo rangi zinazoshonewa mitego yao. Koti la tuksido lingekuwa mtego unaotembea.

Yamebaki maandalizi ya sanduku. Kanzu mbili zinatosha kwa usiku wote wa safari, na koti moja. Pasi isichukuliwe, kwa kuwa meli hukataza pasi vyumbani kwa kuogopa moto. Nguo hupelekwa dobi wa meli kwa malipo, na baadhi ya meli zina chumba cha kufulia chenye pasi za wote. Chetezo nacho kibaki Mpanda, kwani mkaa na ubani havipandi melini kwa sababu hiyo hiyo. Mama azifukize nguo udi nyumbani, usiku wa kuamkia safari, kisha azikunje zingali na harufu yake na kulifunga sanduku.