Kompyuta mpya imefika kanisani: tuanze na nini?



Makanisa kadhaa kwetu yamepata kompyuta ya mkononi. Moja imeletwa na mtoto wa kanisa anayeishi ng'ambo, nyingine imenunuliwa Bujumbura kwa matoleo ya wamama. Furaha ni kubwa, na jioni ileile vijana wanaijaza nyimbo na filamu. Tunawaomba wangoje kidogo. Ndani ya mashini hiyo yataingia majina ya waliobatizwa, hesabu ya sadaka, orodha ya wajane na yatima wanaosaidiwa. Wanaokumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, wanajua kitabu kikiingia matope kinabaki nini. Vya kwetu tulivianika juu ya mikeka, lakini wino ulikuwa umekwisha kukimbia.

Kabla ya kulipa, ulizeni mashini inatumia Windows gani. Sokoni kuna nyingi zilizotumika Ulaya, zimesafishwa na kuuzwa kama mpya. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini za zamani mara nyingi hazikubali Windows 11. Bei ndogo ina sababu yake.

Umeme wetu unakuja na kuondoka, na unaporudi huja kwa nguvu. Msichomeke chaja moja kwa moja ukutani wala kwenye jenereta. Pitisheni kwenye stabilizateri. Umeme ukikatika, chomoeni chaja, mngoje utulie ndipo mrudishe.

Mkiiwasha mara ya kwanza itauliza lugha na kibao cha herufi. Hapa ndipo wengi wanajifungia nje. Mashini kutoka Dubai au Marekani ina kibao kinachoanza na Q, W, E. Sisi shuleni tulizoea A, Z, E. Mkichagua Kifaransa juu ya kibao hicho, mtu anayeandika «amani» akitazama vidole vyake anaandika «q,qni» bila kujua, kwa sababu neno la siri halionekani. Kesho mwingine akibadilisha kibao, neno linakataliwa. Chagueni kibao kinacholingana na herufi zilizochorwa kwenye vidonge. Angalieni na saa: mkitaja nchi yetu, mashini inaweza kuchukua saa ya Kinshasa, iliyo nyuma yetu kwa saa moja. Chagueni ya Harare na Pretoria, ndiyo saa yetu.

Halafu mega. Mashini mpya ikikutana na intaneti ya simu inaanza kupakua masasisho, na forfait ya wiki inaisha kabla ya chai. Kwenye mipangilio ya mtandao, wekeni alama kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Itapunguza kupakua bila kuulizwa. Lakini msiyaache masasisho milele, maana ndiyo yanayoziba matundu ya wezi. Tafuteni ofisi au rafiki mwenye intaneti nzuri, mkae naye nusu siku.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye mashini nyingi za Windows 11, mkiingia kwa akaunti ya Microsoft, diski yote inafungwa kwa siri. Ni jambo jema: mwizi akiiba, hasomi orodha ya wajane. Lakini siku mashini ikisumbuka inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hata fundi hodari hafungui. Ufunguo unahifadhiwa katika akaunti ile. Ikiwa akaunti ni ya kijana aliyekwisha kuhamia Bukavu, mmepotea. Fungueni akaunti kwa jina la kanisa, nakilini ufunguo kwenye karatasi, uwekeni pamoja na hati za kiwanja.

Katibu awe na mlango wake wa kuingilia, mtunza hazina wake, vijana wa kwaya wao. Mlango wenye mamlaka ya kuweka programu usitumiwe kila siku. Kwa kuandika, LibreOffice ni ya bure na inatosha kabisa. Hakuna haja ya kanisa kununua kwa fundi programu iliyovunjwa kufuli, ambayo mara nyingi inakuja na wadudu. Kinga ya virusi imo ndani ya Windows tayari. Ile ya majaribio inayodai malipo kila asubuhi, iondoeni. Flashi inayozunguka kutoka studio hadi kwaya hadi kwa mpiga picha ichunguzwe kwanza kabla ya kufunguliwa.

Mwisho ni nakala. Kila Jumamosi katibu anakili kazi ya wiki kwenye flashi mbili: moja ikae Kalundu kwa mama mtunza hazina, nyingine kwa mzee anayekaa juu mlimani, mbali na mto. Wekeni neno la siri kwenye faili za majina. Na kitabu cha ubatizo cha karatasi kiendelee kuandikwa kwa mkono, Jumapili ileile, kabla watu hawajatawanyika.