Soda Ikiwa Karibu Kuliko Maji

San Cristóbal de las Casas, mji wa milimani katika jimbo la Chiapas, kusini mwa Meksiko, haujanyimwa mvua. Lakini katika mitaa yake mingi maji ya bomba hutoka siku chache tu kwa wiki, na wengine hununua ya maboza. Hapohapo mjini kuna kiwanda cha soda chenye kibali cha kuchota visimani zaidi ya lita milioni 1 kwa siku. Mtoto aliyeshikwa na kiu huipata soda kabla ya kuyapata maji, tena kwa bei inayokaribiana.

Chupa ya kola ya mililita 600 hubeba takriban gramu 60 za sukari, kama vijiko 15 vya chai. Sukari ya kunywa haishibishi kama chakula cha kutafuna. Mtoto huimaliza chupa na bado akala mlo wake wote.

Meksiko, zaidi ya mtoto 1 kati ya 3 wenye umri wa miaka 5 hadi 11 ana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Lawama huwaangukia kina mama, na si haki. Si wao waliotia saini mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada, ulioanza kazi mwaka 1994 na kufungulia njia mahindi, vitafunwa na mitaji ya kampuni za vyakula. Mwaka 2002 Meksiko ilitoza kodi ya 20% kwa vinywaji vilivyotiwa utamu usio wa sukari ya miwa, ili kuwakinga wakulima wake dhidi ya shira ya mahindi kutoka Marekani. Marekani ikashitaki katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2006 Meksiko ikashindwa. Afya ya mtoto haikuwa hoja ya upande wowote.

Ilikuja kuwa hoja Januari 2014, soda ilipotozwa peso 1 kwa kila lita. Mwaka huo manunuzi yalipungua kwa takriban 6%, na kufikia Desemba kwa 12%. Kaya maskini ndizo zilizopunguza zaidi. Mwaka 2020 zikafuata alama nyeusi za pembe nane kwenye pakiti: sukari nyingi, chumvi nyingi, mafuta mengi. Bidhaa yenye alama hiyo hairuhusiwi kubeba katuni ya kuwavuta watoto, na tangu 29 Machi 2025 hairuhusiwi kuuzwa shuleni.

Mwaka huohuo UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, walio na unene wa kupindukia kati ya umri wa miaka 5 na 19 (9.4%) wamewazidi wenye uzito pungufu (9.2%). Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini bado hazijafika hapo. Serikali zetu, basi, zingali na nafasi ya kuamua kipi kiuzwe ndani ya geti la shule kabla wauzaji hawajazoeleka.

Kanuni mpya za Meksiko zinazitaka pia shule ziwape wanafunzi maji salama bila malipo. Kuondoa soda kwenye rafu ni kazi ya asubuhi moja. Kufikisha bomba lisilokauka hadi shule za vijijini Chiapas ni kazi ya miaka na bajeti, na watoto wa huko wanaingia darasani kila siku wakiwa na kiu.