Beki wa Kati na Kazi Yake: Wendie Renard wa Lyon
(Sehemu ya Pili)

Beki wa kati ni mchezaji anayelinda eneo lililo mbele ya kipa wake, na kwa kuwa kazi yake ya kwanza ni kuzuia jambo lisitokee, takwimu za soka, zilizozoea kuhesabu mabao na pasi za mwisho, humpima kwa shida. Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilihusu washambuliaji, ambao umaarufu wao hujieleza wenyewe. Sehemu hii inahusu nafasi ambayo mtu anaweza kuitumikia karibu miaka ishirini na bado akatajwa zaidi siku aliyokosea. Mfano uliochaguliwa ni Wendie Renard, Mfaransa mzaliwa wa kisiwa cha Martinique, ambaye amekuwa mchezaji wa Lyon tangu mwaka 2006, kwa sababu maisha yake ya uchezaji yamebeba fumbo linalostahili kufikiriwa: akiwa na klabu alitwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya kwa Wanawake mara nane, lakini akiwa na timu ya taifa ya Ufaransa, ambayo kwa miaka mingi ilijaa wachezaji wenzake wa Lyon, hakutwaa Kombe la Dunia, wala Kombe la Ulaya, wala medali ya Olimpiki.

Martinique ni kisiwa cha bahari ya Karibi kinachohesabiwa kuwa sehemu ya Ufaransa ingawa kipo karibu kilomita 7,000 kutoka Paris. Renard alizaliwa huko tarehe 20 Julai 1990 na kukulia Le Prêcheur, kijiji cha pwani kilicho chini ya mlima Pelée, ule ambao mlipuko wake wa mwaka 1902 uliuteketeza mji jirani wa Saint-Pierre. Baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu binti akiwa na umri wa miaka minane. Alipofikia umri wa kuvuka bahari alikwenda kujaribiwa Clairefontaine, kituo ambacho shirikisho la soka la Ufaransa huwalea vijana wateule, na hakuchaguliwa. Kocha wake wa kisiwani ndiye aliyemfungulia mlango wa pili, wa Lyon, ambako kocha Farid Benstiti alimpokea akiwa hajatimiza miaka kumi na sita. Si vigumu kuona jinsi mambo yangeweza kwenda vingine, kwa maana kituo cha taifa kilikuwa kimekwisha kumkataa, na nauli ya safari kama ile si ya kutolewa kila mwaka.

Klabu aliyoikuta ilikuwa na mwenye mali asiye wa kawaida kwa wakati ule. Jean-Michel Aulas, rais wa Olympique Lyonnais, alikuwa ameichukua timu ya wanawake ya FC Lyon mwaka 2004 na kuifanya tawi la klabu yake, kisha akawapa wachezaji wake mishahara, viwanja vya mazoezi, madaktari na usafiri kwa kiwango ambacho timu nyingi za wanawake barani Ulaya hazikuwa nacho. Matokeo yake yalikuwa ubingwa wa Ufaransa mara kumi na nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2006/07 hadi wa 2019/20, na Renard alikuwapo katika misimu yote hiyo. Mwaka 2019 jarida la France Football lilikadiria kwamba alilipwa euro 348,000 kwa mwaka, akiwa wa tatu kwa kipato duniani miongoni mwa wanawake, nyuma ya wenzake wawili wa Lyon, Ada Hegerberg na Amandine Henry. Orodha ya wanaume ya jarida hilo ilimweka Lionel Messi kileleni kwa euro milioni 130, na tarakimu hizo mbili hazihitaji maelezo.

Ili kuelewa alilipwa kwa kazi gani, yafaa kwanza kueleza kanuni ya kuotea. Mshambuliaji huhesabiwa ameotea iwapo, mpira unapopigwa kuelekea kwake ndani ya nusu ya wapinzani, yeye yuko mbele ya mpira na pia mbele ya mpinzani wa pili kutoka mwisho, ambaye mara nyingi ni beki. Kwa hiyo mabeki wanne wanaosogea mbele kwa pamoja huweza kuufanya uwanja kuwa mfupi kwa adui, lakini mmoja wao akichelewa hatua mbili mtego wote huvunjika. Beki wa kati, anayeuona mchezo wote ukiwa mbele yake, ndiye anayeamua ni lini mstari upande na ni lini urudi, na huamua kwa sauti, kwa mkono, au kwa kujua tu jirani yake atafanya nini. Renard hakuwa na mbio za kutisha. Alikuwa na kimo cha sentimita 187, ambacho kilimfanya atawale mipira ya juu, na zaidi ya hapo alikuwa na kile ambacho makocha hukiita kusoma mchezo, yaani kuitambua pasi kabla haijapigwa na kusimama kwenye njia yake, hata ikaonekana kana kwamba mpira umemfuata mwenyewe.

Kimo hichohicho kilimpa kazi ya pili, ya kushambulia mipira ya kutengwa, neno linalojumuisha kona, mipira ya adhabu na mingine inayoanzishwa mchezo ukiwa umesimama. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2011, iliyochezwa London dhidi ya Turbine Potsdam ya Ujerumani, ni yeye aliyefunga bao la kwanza katika ushindi wa 2-0 uliowapa Lyon kombe hilo kwa mara ya kwanza. Aliichezea timu ya taifa zaidi ya mechi 160 na kuifungia zaidi ya mabao 35, hesabu ambayo washambuliaji wengi wa kimataifa wangeridhika nayo.

Kombe la Dunia la mwaka 2019, lililofanyika Ufaransa kwenyewe, linaonyesha pande zote za kazi hiyo kwa muda wa wiki tatu. Tarehe 7 Juni, jijini Paris, alifunga mawili kwa kichwa Ufaransa ilipoifunga Korea Kusini 4-0. Siku tano baadaye, mjini Nice, alijifunga: krosi ya Norwei ilipita mbele ya goli, yeye akanyoosha mguu kuiondoa, na mpira ukaingia wavuni mwake, lakini Ufaransa ikaponea kwa penalti ya Eugénie Le Sommer na kushinda 2-1. Makosa ya aina hii humpata beki mzuri kuliko mbaya, kwa sababu mbaya huwa hajafika mahali pa hatari, ila ubao wa matokeo haujui tofauti hiyo. Kisha ikaja mechi ya Rennes dhidi ya Naijeria, ambako alipewa penalti na kuugonga mwamba wa pembeni. Waamuzi wa video walibaini kwamba kipa Chiamaka Nnadozie alikuwa amekwisha kuondoka kwenye mstari wake, ilhali kanuni inamtaka kipa abaki na angalau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari hadi mpira upigwe. Penalti ikarudiwa, Renard akafunga, na Ufaransa ikashinda 1-0. Wanaijeria walilalamika sana, na kwa haki ya kibinadamu ingawa si ya kikanuni, maana kipa aliyetoka hatua moja hakuwa ndiye aliyemfanya mpigaji akose. Katika robo fainali Marekani iliongoza kwa mabao mawili ya Megan Rapinoe. Renard akapunguza moja kwa kichwa dakika ya 81, na safari ikaishia hapo. Mabao manne na kujifunga mara moja, katika mechi tano, kwa mtu aliyepangwa kuzuia.

Wakati huo hakuwa nahodha wa taifa. Corinne Diacre, aliyechukua ukocha mwaka 2017, alikuwa amemvua kitambaa na kumpa Amandine Henry, kabla ya kukirudisha kwa Renard mwaka 2021. Uhusiano wa kocha huyo na wachezaji kadhaa uliendelea kuharibika hadi Februari 2023, miezi michache kabla ya Kombe la Dunia la Australia na New Zealand, Renard alipotangaza kujiondoa katika timu, akifuatwa na Kadidiatou Diani na Marie-Antoinette Katoto. Haikupita mwezi, shirikisho likamwondoa Diacre, kisha likamwajiri Hervé Renard, ambaye hana undugu na mchezaji huyu na ambaye wapenzi wa soka la Afrika wanamkumbuka kwa kuipa Zambia Kombe la Afrika mwaka 2012. Beki huyo alirejea, na mjini Brisbane akaizamisha Brazil kwa kichwa dakika ya 83. Lakini robo fainali ilikuwa kikomo tena, safari hii kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Australia.

Basi fumbo latatuliwaje? Jibu rahisi huwalaumu makocha wa taifa kwa kubadilika mno, kwa kuwa Renard alipitia kadhaa, lakini Lyon nayo ilibadili makocha mara nyingi katika kipindi hichohicho na bado ikashinda. Jibu lenye nguvu zaidi limo katika asili ya ulinzi wenyewe. Mshambuliaji huweza kuishinda mechi kwa kipaji cha dakika moja, hali beki hutegemea mazoea ya watu wanne au watano waliofanya mazoezi pamoja kila siku kwa miezi, na klabu pekee ndiyo inayoweza kuyatoa. Isitoshe, mabeki waliomzunguka Lyon hawakuwa Wafaransa watupu: walikuwamo Lucy Bronze wa Uingereza na Kadeisha Buchanan wa Kanada, na mbele yao Hegerberg wa Norwei na Dzsenifer Marozsán wa Ujerumani, ambao kwenye mashindano ya mataifa walikuwa wapinzani. Timu ya taifa ilichukua nguzo za nyumba hiyo bila kuta zake. Bahati nayo isisahaulike, kwani robo fainali zinazoamuliwa kwa penalti hazipimi ulinzi wa mtu yeyote.

Thamani ya nafasi yenyewe imepanda ndani ya miaka ya uchezaji wake. Januari 2025 Chelsea ilimnunua Naomi Girma, Mmarekani mwenye wazazi waliotoka Ethiopia, kwa ada iliyotajwa kuwa dola milioni 1.1, na hivyo mwanamke wa kwanza kuvuka dola milioni moja katika uhamisho akawa beki wa kati. Miezi minne baadaye kocha mpya wa Ufaransa, Laurent Bonadei, aliteua kikosi cha Kombe la Ulaya bila Renard, akitaka damu nyingine. Ufaransa ilifika robo fainali mjini Basel, ikakutana na Ujerumani, ambayo ilibaki na wachezaji kumi tangu dakika ya 13 lakini ikashinda kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Mwamba ulikuwa uleule, na safari hii Renard hakuwamo chomboni.