Kinasa Kisikilize Tu, Kisiguse Pampu



Kamati ya maji ikitaka kujua pampu imetoa maji kiasi gani, hutegemea daftari la mlinzi. Siku hizi kuna kifaa cha kielektroniki kinachoandika hesabu hiyo chenyewe, usiku na mchana. Hapa tutakiita kinasa. Ni kitu kizuri, maana hesabu ikiwa wazi fitina hupungua. Lakini kikiunganishwa ovyo kinaweza kuharibu sanduku linaloendesha pampu, na kijiji kizima kikarudi mtoni na mitungi.

Shida iko wapi?

Pampu ya stima hutumia volti 240, na zile kubwa 415. Kinasa hutumia volti chache tu, mara nyingi 3 hadi 5. Ukiviunga kwa waya moja kwa moja, hatari hupita pande zote mbili. Stima ya pampu ikipenya, kinasa kinaungua, na anayekishika anaweza kufa. Na kinasa kikiharibika, pampu nayo inaweza kusimama. Kwa hivyo kanuni ni moja: kinasa kisikilize tu. Kikifa chenyewe, maji yaendelee kutoka.

Njia tatu zilizo salama

1. Mita ya maji yenye sumaku. Maji yakipita, sumaku ndogo huzunguka, na swichi iliyo karibu nayo hujifunga na kujifungua, tuseme mara moja kwa kila lita 10. Kinasa huhesabu hizo mara. Hakuna waya inayofika kwenye stima ya pampu kabisa. Tunashauri muanze na hii.

2. Klampu. Hii ni pete inayozingira waya ya pampu bila kuikata wala kuichuna, ikasikia stima inapopita. Izingire waya moja tu. Ukizingira ya kwenda na ya kurudi pamoja, zinafutana na kinasa kinasoma sifuri. Pampu ya sola isiyobadilisha mkondo inataka klampu ya aina yake.

3. Optokapla. Ndani ya kidude hiki mna taa ndogo upande mmoja na jicho la kielektroniki upande wa pili. Sanduku la pampu likiwasha taa, jicho linaona na kukiambia kinasa. Kinachovuka ni mwanga, si stima. Aina nyingi hupimwa kwa volti 3,750 au 5,000 kati ya pande hizo mbili.

Msiibomoe kinga

Hapa ndipo mafundi wengine huharibu kazi. Wanaweka optokapla, halafu wanachukua stima ya kinasa kutoka kwa sanduku lile lile, au wanaunga hasi za pande zote mbili. Sasa kinga iko wapi? Kinasa kiwe na betri yake. Waya zake ndogo zisipitishwe kwenye paipu moja na waya za pampu.

Kabla ya kumlipa fundi

Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni. Pampu ikiwa inaendelea, mwambieni achomoe kinasa mbele ya kamati. Pampu ikisimama, kazi haijaisha, na pesa zisitoke.

Ya kujadiliana kikundini

- Tunataka kujua nini hasa: saa za pampu au lita za maji?
- Je, mita ya sumaku haitoshi?
- Nani atasoma hesabu mbele ya wanachama kila mwezi?