Tenkara na Besi: Acheni Kuongeza Unene wa Mshipi

"Nifunge mshipi wa kilo ngapi ili besi asinikatie?" Kila anayenunua ufito mpya wa tenkara, ule wa Kijapani usio na rili, na kuupeleka Ziwa Naivasha huniuliza hivyo, na mara nyingi huja na jibu lake mfukoni. Rafiki ameshamshauri afunge mshipi wa kusokotwa wa kilo 10, ule wa kwenye rili, na matatizo yataisha. Yataisha kweli, maana ufito nao utakuwa umekwisha.

Kabla ya kubishana, tupime. Chukua mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki, uifunge kwenye nguzo. Funga mshipi wako kwenye ndoano yake, rudi nyuma, kisha inua ufito upinde kama vile umenasa samaki. Mwenzako asome. Ufito wa kawaida wa tenkara utakuwa umepinda mpaka karibu na mpini, na mizani haijafika kilo 1. Yaani tipeti, kile kipande chembamba cha mwisho kinachobeba ndoana, hata kikiwa cha kilo 2 tu, tayari kina nguvu kuliko ufito wenyewe. Huo wa kilo 10 unaongeza nini hapo? Hauongezi hata gramu moja. Samaki anachoshwa na kupinda kwa ufito, wala si unene wa mshipi.

Nguvu ya mshipi huanza kuhesabika pale tu ufito unapoacha kupinda. Besi wa kilo 2 akigeuka na kukimbilia mafunjo, mvuvi asiye na rili hana mshipi wa kumwachia. Mkono unanyooka, ufito unashuka, na kufumba na kufumbua, mkono, ufito, mshipi na samaki vimekaa kwenye mstari mmoja. Sasa ni kuvutana tu, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachoachia. Tipeti nyembamba ikikatika, umepoteza samaki na ndoana. Ukiwa na mshipi wa kilo 10, kinachoachia ni liliani, kile kikamba cha nchani, au vipande vya ufito vinakabana visirudi ndani tena, au kaboni yenyewe inapasuka. Ni sawa na kuchomeka msumari mahali pa fyuzi: taa zitawaka, hadi siku itakapowaka nyumba.

Fito hizi zikiletwa kwangu kutengenezwa, sihitaji kusimuliwa. Kipande cha pili au cha tatu kutoka nchani kimepasuka kwa urefu, nyuzi za kaboni zimechanua, na kwenye liliani bado lipo fundo la mshipi wa kusokotwa, zima kabisa. Halafu mwenye mali ananiambia aliuziwa ufito feki. Wengine hata samaki hawakumwona: ndoana ilinasa kwenye shina la funjo, wakavuta kwa ufito, na mshipi mnene haukukubali kukatika.

Na msiniambie Wajapani wanavuta majitu kwa tenkara. Ufito huu ni wa mito midogo ya milimani na samaki wake wa jamii ya trauti. Besi yupo Japani tangu 1925, alipopelekwa Ziwa Ashi, na mwaka 2009 Manabu Kurita alimvua mmoja wa zaidi ya kilo 10 katika Ziwa Biwa. Alitumia rili.

Sasa ya kufanya, harakaharaka. Tipeti isizidi kilo 2, au kikomo alichoandika mtengenezaji kama ni cha chini zaidi. Mshipi usiupite ufito kwa urefu, la sivyo samaki hutamfikia kwa mkono. Tumia ndoana ndogo na chambo chepesi kinachoelea, alfajiri au jioni, kandokando ya magugu. Lenga besi wa nusu kilo. Huyo atakupa mchezo wa kutosha. Akikimbia, laza ufito ubavuni umgeuze kichwa, na umfuate kwa mtumbwi badala ya kung'ang'ania mahali pamoja. Usiupeleke ufito nyuma ya kichwa chako. Ncha itakatika hata kwa samaki mdogo. Ndoana ikinasa, kunja ufito, shika mshipi kwa kitambaa, vuta moja kwa moja kwa mkono. Akikudaka kapi mkubwa, nao siku hizi ni wengi Naivasha, mwache akate aende. Mawingu ya radi yakikusanyika, kunja ufito mapema, kwa kuwa kaboni hupitisha umeme. Usisimame kwenye mafunjo: kiboko hajali umeshika ufito gani. Chukua mtumbwi wenye mwenyeji, na kibali cha kuvua kiwe mfukoni.

Unataka besi wakubwa tu? Nunua ufito mgumu wa kapi, au ufito wa rili, uache kuutesa huu. Tenkara ni ya mtu anayekubali kwamba samaki wengine watakwenda na ndoana yake. Tipeti ni ya shilingi chache. Kipande cha ufito huagizwa ng'ambo, na kuna mafundi wasiokipata kabisa. Usiyekubali hesabu hiyo, usiununue.