Dhahiri na Batini ya Tangi la Tope

Mgeni azuruye kiwanda cha dhahabu, akisimama juu ya tangi kubwa la duara ambamo tope la mawe yaliyosagwa huachwa litue, huyaona maji matulivu yakimwagika polepole ukingoni, naye aghalabu hudhani kwamba mahali pale hapafanyiki kazi yoyote. Kumbe kazi yenyewe imo chini, katika batini isiyofikiwa na jicho.

Tangi la namna hii lilibuniwa mwaka 1905 na John Dorr, Mmarekani aliyeshughulika na mitapo ya dhahabu huko Dakota Kusini. Zamani tope lilijazwa tangini, likangojewa litue, maji yakaondolewa, kisha kazi ikaanza upya. Yeye aliweka reki zizungukazo taratibu sakafuni, zikiyasukuma mashapo kuelekea tundu la katikati, hata tope likawa laingia, maji yatoka juu na mashapo yatoka chini, mchana na usiku pasipo kusita.

Chembe huzama kwa uzito wake, lakini mwendo wake hufuata mraba wa kipenyo, hata ile iliyo nusu ya mwenziwe huzama kwa robo tu ya mwendo wa mwenziwe. Ndiyo sababu hutiwa dawa ya kuzishikamanisha chembe ndogo ziwe mabonge. Na dawa hiyo ikipungua, maji ya juu huchafuka.

Basi msimamizi hana budi kujua mambo mawili: kimo cha mashapo, na kiasi cha yabisi kilichomo. Kimo hupimwa kama nahodha atiavyo bildi, kwa kushusha kitu kwa waya hadi kiyaguse mashapo, au kwa mawimbi ya sauti yarudishwayo nayo. Ila chembe zinazoelea huweza kuurudisha mwangwi kabla ya wakati wake, kwa hiyo ni busara kupima pia shinikizo la sakafuni, lionyeshalo uzito wa vyote vilivyo juu yake.

Yabisi hupimwa kwa kutwaa lita moja ya mashapo na kuitia mizanini. Mathalani, ikiwa uzani wa mawe ni mara 2.7 ya maji, na lita ile ina kilo 1.5, basi ndani yake mna takriban kilo 0.79 za yabisi na kilo 0.71 za maji, yaani yabisi ni asilimia 53 ya uzito. Viwanda vingi hufunga bombani kipimo cha miali ya gama, ipenyayo kwa uchache kadiri tope lizidivyo uzito. Hata hivyo mizani ndiyo shahidi wa kukisahihisha.

Taksiri kubwa ni kuhukumu kwa ushahidi mmoja. Mashapo yakipanda, na yatokayo chini yakawa mazito, pampu na iongezwe mwendo. Lakini yakipanda ilhali yatokayo ni mepesi, huenda dawa haishiki, au maji yamejitobolea njia kati ya mashapo yaliyoganda, na kuharakisha pampu hapo ni kuyavuta maji na kuyaacha mashapo yazidi kukaza, hadi reki zilemewe na kusimama. Kulichimbua tope lililoganda tangini ni kazi ya siku kadhaa; kuitia lita moja mizanini ni kazi ya dakika chache.